Kuteleza si Kuanguka

Muulize fundi yeyote wa viti kando ya Ngong Road skrubu nzuri ni ipi, hatafikiria mara mbili: ni ile inayokaza. Ukiikaza leo, uikute hapo hapo baada ya miaka kumi. Skrubu ikianza kucheza, kiti kinaanza kulia na mteja anarudi kugombana. Kwa hivyo inashangaza kidogo kujua kwamba kuna skrubu ambayo imewasimamisha wazee wengi sana duniani, na ambayo imetengenezwa makusudi iteleze. Inawekwa ndani ya nyonga iliyovunjika, inashika kichwa cha mfupa, halafu inaachiwa nafasi ya kurudi nyuma milimita kadhaa mwenye nyonga anapokanyaga chini. Walioiunda hawakukosea. Hiyo ndiyo kazi yake.

Nimekuwa nikiifikiria skrubu hii kwa sababu inajibu, kwa lugha ya chuma, swali ambalo wengi wa rika letu tunaanza kukutana nalo nyumbani. Wazazi wanazeeka. Shosho ameanguka bafuni. Grupu ya WhatsApp ya familia imeamka saa tano usiku, namba ya M-Pesa imeshatumwa, na kila mtu anataka kusaidia. Lakini kumsaidia mtu ni kufanya nini hasa? Ni kumbeba, ama ni kumwachia uzito wake?

Tuanze na mfupa wenyewe. Fupa la paja ndilo refu kuliko yote mwilini, ila huko juu halijanyooka kama fimbo. Fikiria mlingoti wa taa ya barabarani: nguzo imesimama wima, mkono umetokeza upande, na taa iko mwisho wa mkono. Paja ni hivyo. Nguzo ni fupa refu, mkono ni shingo fupi inayoelekea ndani, na taa ni kichwa cha mviringo kinachokaa kwenye kikombe cha nyonga. Uzito wa mwili unashukia pale kwenye taa, si juu ya nguzo. Na kwa sababu misuli nayo inavuta ili usiyumbe, kiungo cha nyonga hubeba mara mbili hadi tatu ya uzito wako unapotembea tu, bila kukimbia, bila kubeba mtungi.

Ukiwa kijana, mkono huo wa taa hauna shida. Ukizeeka, mfupa unapungua ndani kwa ndani, na kwa wanawake kasi huongezeka baada ya hedhi kukoma. Basi haihitaji ajali ya matatu. Maji kidogo sakafuni, mkeka uliojikunja usiku ukienda msalani, na mtu anaanguka kutoka kimo chake mwenyewe. Ukimkuta pale chini, mguu mmoja unaonekana mfupi kuliko mwenzake na wayo umegeukia nje. Wakati mwingine kimevunjika kile kishingo chenyewe. Wakati mwingine mfupa umeachana chini kidogo, pale mkono unapokutana na nguzo. Skrubu yetu inayoteleza imepata jina lake hasa kwa hao wa pili.

Kabla ya chuma, dawa ilikuwa kitanda. Mguu unafungwa kamba, kamba inapita juu ya gurudumu dogo, uzani unaning'inia mwisho wa kitanda, na mgonjwa analala chali wiki nane, kumi, hata kumi na mbili. Mara nyingi mfupa uliunga. Aliyeisha ni mwenye mfupa. Kulala muda huo wote kunaleta vidonda vya mgongoni na visiginoni, nimonia, damu kuganda miguuni na kisha kusafiri hadi mapafuni. Hata leo, katika nchi zenye hospitali zilizokamilika, kati ya mzee mmoja kwa watano na mmoja kwa watatu wanaovunjika nyonga hufariki kabla ya mwaka kuisha. Wengi hawauawi na ule mfupa. Kulala nako kunachangia.

Ndiyo maana waganga walianza kutafuta njia ya kuushika mfupa kutoka ndani. Mwaka wa 1925 huko Boston, Marius Smith-Petersen, daktari mzaliwa wa Norway, alianza kutumia msumari wa chuma wenye mabawa matatu, akaupigilia kupitia shingo hadi kichwani. Mabawa yalikuwa ya kuzuia kichwa kisizunguke. Mwaka wa 1932 Sven Johansson wa Uswidi akauelezea msumari wenye tundu katikati, ili upite juu ya waya mwembamba uliotangulia kuonyesha njia. Mwaka wa 1941 Jewett, Mmarekani, akaunganisha msumari na bamba linalolala ubavuni mwa paja, vyote vikawa kitu kimoja kigumu. Hoja ilikuwa wazi: mfupa ni dhaifu, chuma kina nguvu, basi chuma kibebe kila kitu.

Hoja hiyo ina huruma ndani yake. Ni sauti ya mtu anayesema, wewe pumzika, mimi nitashughulika. Lakini mfupa haukukubali.

Tatizo ni kwamba mfupa uliovunjika haufanani na mbao mbili zilizokatwa kwa msumeno. Kingo zake zimepondeka, na kabla ya kuunga, mwili wenyewe unakula sehemu iliyokufa. Kwa hivyo vipande vinasogeleana. Mfupa unakuwa mfupi kidogo ndipo unapona. Chuma cha kitu kimoja hakijui habari hiyo. Kichwa cha mfupa kinashuka, ncha ya msumari imebaki pale pale ilipokuwa, na hatimaye ncha inatoboa kichwa na kuingia kwenye kiungo. Ama chuma chenyewe, kikipigwa hatua baada ya hatua huku mfupa haushiki, kinachoka na kukatika. Yaani vile kilivyozidi kuwa kigumu ndivyo kilivyozidi kumuumiza mwenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Ernst Pohl, mhandisi wa vyombo vya upasuaji katika mji wa Kiel, Ujerumani, alikuja na wazo jingine, na mwaka wa 1955 madaktari Schumpelick na Jantzen wakaandika kuhusu matumizi yake. Fundi wetu wa Ngong Road angeielewa mara moja. Skrubu ni nene na ina meno kwenye ncha tu, meno mapana yenye nafasi kati yake, kwa sababu mfupa wa ndani ya kichwa ni laini kama sponji na meno madogo yangeukwangua bila kushika. Sehemu iliyobaki ya skrubu ni laini, haina meno hata moja. Sehemu hiyo inaingia ndani ya mrija mfupi, na mrija umeungana na bamba lililofungwa ubavuni mwa fupa la paja. Kati ya mrija na bamba kuna pembe, mara nyingi nyuzi 135, ili skrubu ielekee kule kule unakoelekea uzito. Skrubu inaruhusiwa kurudi nyuma ndani ya mrija. Katika miundo mingi hairuhusiwi kuzunguka.

Sasa mgonjwa anasimama. Uzito unashuka, unasukuma kichwa, kichwa kinasukuma skrubu, skrubu inarudi nyuma. Vipande vya mfupa vinakutana na kubanana. Na vikishabanana, mfupa unaanza kubeba mzigo tena pamoja na chuma. Tangu mwaka wa 1892, Mjerumani Julius Wolff alikuwa ameandika kwamba mfupa hujijenga kulingana na mzigo unaobeba: ukitumiwa unaimarika, ukiondolewa kazi unapungua. Skrubu ya Pohl iliuchukua ukweli huo ikaufanya kuwa mpango wa matibabu. Haitoshi kwamba mgonjwa anaweza kusimama baada ya upasuaji. Kifaa chenyewe kinamhitaji asimame ili kifanye kazi yake vizuri.

Hapo ndipo mimi nasimama pia, kwa sababu kuna jambo la kimaadili limefichwa kwenye mrija ule. Mtu ambaye hatawahi kumwona shosho, aliyechora kifaa katika nchi ambayo shosho hataifikia, aliamua kuuamini uzito wake. Hakusema, huyu ni mzee, tumwondolee mzigo wote. Alisema, tumshike mahali pamoja, vizuri, na tumwachie njia moja ya kujiponya.

Njoo sasa wodini, siku ya pili baada ya upasuaji. Mtaalamu wa fiziotherapia amefika na fremu ya kutembelea.

"Shosho, leo tunasimama."

Kabla shosho hajafungua mdomo, binti yake amesharuka. "Aki daktari, mwacheni kwanza apumzike. Jana tu amepasuliwa."

Mjukuu naye: "Shosho wewe kaa tu. Ukitaka kitu niambie."

Hii si hadithi ya familia moja. Uliza muuguzi yeyote wa wodi ya mifupa, atakwambia ameisikia mwezi huu. Na hakuna mtu mbaya ndani yake. Binti amelala kwenye kiti cha plastiki usiku wote. Mjukuu ametoka kazini moja kwa moja. Wanachosema ni upendo, na upendo wao unafikiri kama msumari wa mwaka wa 1941. Unataka kubeba kila kitu. Haujui kwamba vile vipande viwili vya mfupa vinangoja uzito ili vikutane, na kwamba kila siku ya kulala ni siku ambayo mapafu na damu vinahesabu upande wao. Nchini Uingereza, mwongozo wa taifa wa matibabu ya nyonga unasema upasuaji ufanywe kwa lengo la kumwezesha mgonjwa kuukanyagia mguu kwa uzito wake wote mara moja, na aanze kuinuliwa kesho yake, isipokuwa kuwe na sababu ya kitabibu ya kutofanya hivyo. Huko pia wana mabinti wenye hofu. Mwongozo umeandikwa kwa sababu hofu ni ya kila mahali.

Tunasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa kawaida methali hii tunaitumia kumkemea mtu anayeona shida ya mwenziwe ni nyepesi. Lakini inaweza kusomwa kwa upande mwingine. Tunaupokonya mzigo wa mzee haraka kwa sababu kwetu ni usufi tu: kuinuka kitini, kujichotea maji, kwenda hadi langoni kubishana na mwuza maziwa. Kwake mizigo hiyo midogo ndiyo iliyokuwa maisha. Ukimwondolea yote kwa wema, usishangae akinyamaza.

Mtu atauliza, na ana haki kuuliza: je, yeye atajuaje akanyage kiasi gani? Si ataharibu kazi ya daktari? Swali hilo lilipimwa. Mwaka wa 1998 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwapima wazee waliotengenezwa nyonga na kuambiwa wakanyage kadiri wanavyoweza kustahimili. Wiki ya kwanza waliuwekea mguu ulioumia takriban nusu ya mzigo waliouwekea mguu mzima. Kadiri wiki zilivyosonga waliongeza wenyewe, na kufikia wiki ya 12 pengo lilikuwa limebaki dogo. Hakuna aliyewapa kipimo. Maumivu, tahadhari na mwili uliozoea kujibeba kwa miaka 80 vilijua hesabu.

Hilo kwangu ndilo jambo zito kuliko yote katika habari hii. Tunapobishana kuhusu mzee kitandani, huwa tunazungumza juu yake kana kwamba yeye ni mfupa tu. Mwanafalsafa wetu Henry Odera Oruka alikuja kujulikana kwa sababu alifanya kinyume. Wakati wasomi walipokuwa wakibishana kama Afrika ina falsafa, yeye alikwenda kwa wazee, akawauliza wanafikiri nini, na akayachukulia majibu yao kuwa fikra za watu binafsi, kila mmoja na jina lake. Sisi tunaweza kuanza na swali dogo zaidi kuliko ya Oruka: "Shosho, unataka kusimama?" Halafu tunyamaze tusikie.

Lakini ngoja kidogo. Kuna namna mbaya ya kulisema haya yote, na hapa kwetu tunaijua sana. Ni ile ya mkubwa anayekata bajeti halafu anahubiri kujitegemea. Ni ile ya mjomba mwenye gari kubwa anayesema kwenye mkutano wa familia kwamba tukiendelea kumtumia Mama pesa tutamzoesha vibaya. Mtu kama huyo akisikia habari ya skrubu inayoteleza atafurahi. Si unaona? Hata chuma kinajua kuachia.

Hapana. Skrubu haiachii. Meno yake yamezama ndani ya kichwa cha mfupa, na bamba limefungwa kwenye fupa kwa skrubu nyingine kadhaa ambazo haziendi popote. Inateleza kwenye mstari mmoja tu, kwa umbali mfupi, huku ikiwa imeshika. Kama haijashika, kuteleza kwake hakuna maana yoyote, ni kipande cha chuma kilicholegea mwilini. Anayesema "simama mwenyewe" bila kuweka kitu chochote ndani ya nyonga hajafikia hata msumari wa mwaka wa 1925. Amebaki na kitanda na uzani unaoning'inia.

Na kuna la zaidi. Kumwamini mtu kunadai ujuzi, tena mwingi kuliko kumbeba. Mwaka wa 1995 Michael Baumgaertner na wenzake wa Yale walirudi kwenye picha za eksirei za nyonga 198 zilizotengenezwa kwa skrubu hii, wakatafuta kwa nini baadhi zilitoboa kichwa cha mfupa. Walipima kitu rahisi: ncha ya skrubu iko mbali kiasi gani na kilele cha kichwa, kwa picha ya mbele na ya ubavuni, kisha wakajumlisha. Kati ya skrubu 120 ambazo jumla yake ilikuwa milimita 25 au chini, hakuna hata moja iliyotoboa. Juu ya hapo, hatari ilipanda. Chuma kilikuwa kile kile. Kilichotofautiana ni kama aliyekiweka alifika katikati, karibu kabisa na kiini cha kile alichokuwa anakisaidia.

Aidha, kuna nyonga ambazo hazifai kuachiwa hivyo. Ufa ukiwa umepita kinyume, kutoka ndani juu kwenda nje chini, njia ya skrubu kuteleza inakuwa sambamba na ufa wenyewe. Hapo mgonjwa akikanyaga vipande havikutani. Vinapitana, kila kimoja na njia yake. Daktari anayejua kazi yake hutumia kifaa kingine, kwa kawaida fimbo ya chuma inayopita ndani ya fupa. Na kishingo kikivunjika na kuhama kabisa mahali pake, mara nyingi kwa mzee ni heri kichwa kizima kibadilishwe. Kwa hivyo hata upole wa skrubu hii una mipaka. Kuna wazee ambao kweli hawawezi kuachiwa jiko, kwa sababu wanasahau gesi. Kuna wengine wanaonyang'anywa jiko kwa sababu sisi tuna haraka. Kabla ya kuamua, soma ufa.

Tukifika hapo lazima tuseme habari ya pesa, maana bila hiyo insha nzima inakuwa mapambo. Kifaa kinachouamini uzito wa shosho kinafaa kama kipo. Katika hospitali nyingi za eneo letu familia hupewa karatasi ya vyuma vinavyohitajika na kuambiwa ikatafute pesa kwanza. Harambee inaanza. Siku zinakwenda. Shosho, ambaye angefaa kuwa amesimama siku ya tatu, yuko bado amelala na mguu umefungwa kamba na uzani, vile vile alivyolala mgonjwa wa kabla ya 1925. Chuma kiko dukani, naye yuko kitandani, na kila siku inayopita inampunguzia yeye wala haikipunguzii chuma.

Tena kukiweka kunahitaji, kwa kawaida, mashine ya eksirei inayoonyesha picha papo hapo wakati wa upasuaji, ili zile milimita 25 zisibahatishwe. Hospitali nyingi hazina. Lewis Zirkle, daktari wa Marekani aliyewahi kutumikia Vietnam wakati wa vita, alilichukua pengo hilo kuwa mwanzo wa kazi. Mwaka wa 1999 alianzisha shirika la SIGN katika jimbo la Washington, wakaunda fimbo ya chuma ya paja na muundi inayoweza kufungwa mahali pake bila mashine ile, na baadaye vifaa vya nyonga. Wanavitoa kwa hospitali bila mgonjwa maskini kuvilipia, na vimetumika katika nchi zaidi ya 50, ikiwemo Tanzania, katika taasisi ya mifupa pale Muhimbili. Ninachokipenda katika kazi hiyo ni swali lililotangulia mchoro. Hawakuuliza hospitali maskini itapataje kila kitu walicho nacho Boston. Waliuliza kifaa kingekuwaje kama kingeanzia kwenye chumba ambacho hakina hiyo mashine.

Hata hivyo tusijifariji na ukarimu wa wengine. Oruka yule yule alitetea kwamba kila binadamu ana haki ya kiwango cha chini cha uhai: usalama wa mwili, afya, riziki. Haki hiyo, alisema, haiishii kwenye mpaka wa nchi, na mwenye nacho hafanyi hisani anapoitimiza. Nikiiweka hoja hiyo kando ya kitanda cha shosho naona kwamba kusimama baada ya kuanguka kungefaa kuwa ndani ya kiwango hicho. Hatuombi miujiza. Tunaomba skrubu moja, bamba moja, mikono iliyofunzwa, na siku mbili zisizopotea. Kuwaambia wazee "inukeni mtembee" huku tumewaacha wangoje mwezi ni kuwadhihaki.

Kwa hivyo ukiniuliza, kumsaidia mtu ni kumbeba ama kumwachia uzito wake, jibu langu linafanana na mrija ule. Mshike kwanza, kwa kitu cha kweli, mahali penyewe, kwa gharama inayostahili. Ukishamshika, mwachie njia. Ukikosa la kwanza umemtelekeza. Ukikosa la pili, siku moja ncha ya wema wako itamtoboa.

Na ukubali kwamba hatarudi vile vile. Nyonga iliyopona kwa skrubu inayoteleza mara nyingi huacha mguu mfupi kidogo, kwa sababu mfupa ulisogea ili uunge, na mwisho wa skrubu hutokeza kidogo ubavuni, mahali ambapo mkono ukipapasa unaweza kuuhisi. Wengine huongezewa soli kwenye kiatu kimoja. Familia huona kile kigugumizi cha hatua na kusikitika, ati daktari hakumaliza kazi. Kazi iliisha. Ule ufupi ndio gharama ya mfupa kujiunga wenyewe.

Tunao msemo kwamba kuteleza si kuanguka. Shosho akiinuka kwenda langoni, tembea naye. Mkono wako uwe karibu na kiwiko chake, wazi, bila kumgusa. Akiyumba, mshike. Asipoyumba, zungumzeni habari ya maziwa.